Kura ya Mzee wa Berchem

Mzee niliyekuwa nikimwogesha kila asubuhi kule Berchem-Sainte-Agathe aliunganisha magari maisha yake yote, mpaka kiwanda kikafungwa. Miguu ilipomkatalia kabisa, uchaguzi ulikuwa umekaribia. Hapa Ubelgiji kupiga kura ni lazima, na mgonjwa anaruhusiwa kumtuma mtu ampigie. Watoto wake wanaishi mbali. Akanituma mimi, niliyekwisha kupata uraia.

Chama alichokitaka nilikijua. Karatasi yao alikuwa ameibandika kwenye friji: mzungu aliyevaa ovaroli, na chini yake maneno kwamba nyumba yake na kazi yake wamepewa wageni. Waliahidi kuwazuia wageni wasilete jamaa zao. Mama yangu alikuwa Lubumbashi, anangoja viza ya kuja kwangu.

"Papa, hawa wanatusema sisi," nilimwambia huku nikimkausha mgongo.

"Si wewe. Wewe ni wa hapa nyumbani. Ni wale wengine."

Neno hilo liliniuma kuliko tusi. Tusi ningelijibu.

Nilipompigia dada yangu simu alicheka. "Atajua wapi, ye? Tia ya kwako mara mbili, bon, rudia ku nyumba!"

Jumapili ya uchaguzi nilipewa kadi mbili za kupigia kura. Nikapiga kura yangu kwanza. Kwa ile ya mzee, kidole kiligoma juu ya skrini, nikamwona mama amekaa kando ya sanduku lake, tayari kwa safari. Halafu nikabonyeza chama cha mzee. Wema haukuwemo. Nilikuwa nimekasirika kwamba ameniamini, na mtu akikuamini hivyo anakuwa amekufungia njia zote. Mashine ikatoa karatasi yake, nikatoka nje.

"Umefanya?" mzee aliniuliza niliporudi kwake.

"Nimefanya."

Akanishika mkono, machozi yakimlengalenga. "Mama yako akija, mlete tunywe kahawa." Wala hakuwa akinikejeli. Siku iliyofuata alinituma nikanunue kikombe cha mama, maana nyumbani kwake vilibaki viwili tu.

Mzee alifariki. Sheria ya wageni kuleta jamaa zao ilikazwa, viza ya mama ikakataliwa. Kila nikipita mbele ya nyumba ile namsikia akiniuliza kama nimefanya, nami humjibu kwa sauti, barabarani, watu wakinitazama.

Kikombe ninacho mimi. Mama huniuliza kwenye simu kama bado nimemwekea.