Mwalimu wa mwisho wa ngumbaru

Jua limeshapanda juu ya Mlima Meru, lakini baridi ya Ngaramtoni bado inauma. Penina Sumari anajifunga kitenge kichwani, anaegemeza ubao kwenye ukuta wa jiko lake, anangoja wanafunzi. Anakuja mmoja.

"Wengine wamekufa," anasema. "Huyu ndiye darasa langu."

Huyo ni Elifuraha, mjane wa miaka 74. Anachukua chaki na kuandika polepole: GIDION. Ni jina la marehemu mumewe, lililo kwenye msalaba wa kaburi kule migombani. Kaburi amelipalilia miaka mingi bila kuweza kulisoma jina hilo.

"Niko sawa, mwalimu?"

Penina anasogea mpaka pua inakaribia kugusa ubao.

"Andika kubwa zaidi, dada."

Elifuraha anafuta, anaandika tena, kila herufi kubwa kama kiganja. Penina anatikisa kichwa.

"Sioni, dada. Nimekuficha tangu Pasaka. Naona ukungu tu."

Elifuraha anaiweka chaki chini na kumshika mkono.

Penina, 68, alianza kazi hii ya ngumbaru, kuwafundisha watu wazima kusoma, akiwa msichana wa miaka 16. Alikuwa amemaliza darasa la saba wakati Mwalimu Julius Nyerere akihimiza kila ajuaye kusoma amfundishe asiyejua. Wito huo aliusikia kwenye redio ya balozi wa nyumba kumi. Muda si mrefu akawa amesimama mbele ya kina mama arobaini, mama yake mzazi akiwa mstari wa kwanza.

"Mama alipoandika jina lake alicheka, halafu akalia. Baba akachinja mbuzi," anakumbuka. "Tuliamini kabisa. Tulijua baada yetu, hakuna mtu nchi hii atakayeshindwa kusoma."

Mwalimu Nyerere aling'atuka madarakani. Posho ndogo ya walimu wa ngumbaru ikakatika, vitabu vikachakaa. Penina hakuacha. Siku za soko aliuza ndizi mshare za kupika, siku nyingine alifundisha. Mwalimu alipofariki mwaka 1999, darasa lilikuwa limebaki na watu tisa. Walilia pamoja hapo hapo nje ya jiko.

Sasa presha ya macho imelizima jicho la kulia, na la kushoto linafuata. Dawa ya matone inameza faida yote ya ndizi. Mara kadhaa mchungaji ametangaza kanisani kwamba anatafutwa kijana wa kumpokea kazi. Hajajitokeza hata mmoja.

Kinachomuumiza zaidi kimo ndani ya nyumba yake. Mjukuu wake, Angel, yuko darasa la tano, katika chumba chenye watoto zaidi ya mia. Hivi karibuni Penina alimpa Biblia amsomee. Mtoto aliukodolea macho ukurasa.

"Bibi, mimi hizi sizijui."

"Nililia kuliko nilivyomlilia Mwalimu," anasema Penina. "Nimefundisha kijiji kizima, wa kwangu hajui."

Tangu hapo, kila jioni bibi hutaja silabi, Angel huiandika kwa kijiti kwenye udongo laini, na Penina huipapasa kwa vidole kujua kama amepatia. Bado wako kwenye silabi.

Anaulizwa anapanga nini.

"Sina mpango. Namwomba Mungu aniachie jicho hili mpaka Desemba, Angel awe anasoma. Nikipofuka nitamsikia akisoma, najua. Lakini nataka niuone uso wake."