Mkalimani wa Jumapili

Mzee huyo alifika kwenye kituo cha afya cha Mukuju, karibu na mpaka, nilipokuwa muuguzi, miezi mitatu baada ya kutoka wodini alikolazwa kwa korona. Alikuwa mkulima wa ulezi. Kila Jumapili alikuwa mkalimani kanisani: mchungaji akihubiri kwa Kidhopadhola, lugha ya pale, yeye aligeuza kwa Kiswahili, kwa ajili ya wafanyabiashara wa upande wa Kenya. Alikuja na mkewe.

"Mzee anachoka bure," mke aliniambia. "Analima kidogo, analala. Halafu maneno inamupotea."

"Maneno gani?" nilimuuliza mwenyewe.

"Juzi kanisani nilikosa neno mlango, sista. Nikabaki nanyoosha kidole."

Nilimpima malaria, presha, sukari na oksijeni. Vyote vilikuwa sawa. Nikamwambia hana ugonjwa, ni woga tu, utaisha. Wakati huo wauguzi wengi tulisema hivyo. Kisichoonekana kwenye kipimo hatukujua tukiandike wapi. Alinishukuru. Kupitia dirishani nilimwona akikaa chini mara mbili kabla ya kufika barabarani.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani kwao. Alianza vizuri. Katikati ya mahubiri akanyamaza. Mchungaji alirudia sentensi yake, akairudia tena. Mzee alikuwa anatoka jasho, midomo inacheza, hakuna neno. Nyuma yangu mtu akanong'ona kwamba amerudia pombe. Mwishowe akaenda kuketi, na mahubiri yakaendelea bila Kiswahili.

Kesho yake nilimfuata nyumbani, nikamwomba radhi. Nilimwambia ugonjwa wake ni wa kweli na kwamba sina dawa yake. Tulichoweza ni kupanga siku zake: alime asubuhi tu, aache jembe akiwa bado na nguvu, na Jumamosi mchana alale. Mchungaji nilimwomba atumie sentensi fupi. Hakufurahi, lakini alikubali.

Sikuona kupona kwa namna niliyofundishwa. Kuna wiki alitembea hadi sokoni, na wiki iliyofuata alishindwa kutoka kitandani. Baada ya mwaka hivi, aliweza nusu ya mahubiri. Nusu iliyobaki aliichukua mkewe, aliyejifunza Kiswahili akiuza nyanya Busia. Mara ya kwanza watu walicheka Kiswahili chake. Baadaye walizoea, na wafanyabiashara walisema wanamwelewa vizuri tu.

Siku moja, walipokuja kituoni kupima presha, nilimuuliza mzee kama makosa ya mkewe yanamsumbua.

"Sana," alisema. "Nataka kumsahihisha, lakini nikilipata neno, yeye ameshafika mbali."

"Wewe kaa tu, mzee," mke akamwambia. "Mimi namaliza."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Nilingoja kifua kitulie, ndipo nikamfunga kipimo cha presha mkononi.