Mwaka Tulipochagua Bunduki Nyepesi

Samli iliyochacha hunikumbusha bunduki. Mwaka ule mafuta ya kupaka chuma hayakupatikana Bunda wala Musoma, kama ambavyo sabuni haikupatikana, wala betri za redio, kwa hiyo baba alichota samli ya ng'ombe wetu, akapaka mtutu, akaufuta kwa kipande cha kaniki, na nyumba nzima ikanuka kama kibuyu cha maziwa kilichosahauliwa. Tulikuwa tumechoka. Sijui neno jingine la kuanzia. Watu wazima walichoka kupanga foleni kwenye duka la kijiji na kurudi na kikapu kitupu, watoto tulichoka kuvaa kiraka juu ya kiraka, na hata utani, ambao kwetu haukosekani msibani, ulikuwa umepungua. Kijiji chetu kiko chini ya mlima, ukitoka Bunda kuelekea upande wa Butiama, na kwenye miamba ya juu ya mlima huo waliishi nyani. Hao peke yao hawakuchoka.

Nyani wana akili ya kuudhi. Tulilima pamba na tulilima muhogo na mtama, na kamwe sikumwona nyani akigusa pamba. Pamba ilikwenda kwenye mizani ya ushirika na malipo yakachelewa mpaka tukasahau kuyangoja; muhogo ndio uliotulisha, na muhogo ndio waliotaka. Walishuka asubuhi jua likianza kupasha mawe, dume kubwa mbele, wakang'oa shina zima, wakauma mara moja, wakatupa, wakang'oa jingine. Tena nyani anamjua mwanamke. Akiona kanga hakimbii, anakaa juu ya kichuguu na kukutazama unavyopiga debe. Mama alikuwa akivaa koti la baba na kofia yake, akatembea kwa kutanua miguu, na kwa siku chache waliogopa. Kisha wakamtambua. Ndipo nilipoachishwa shule nikasaidie kuamia shamba. Nilikuwa darasa la saba, mtihani ulikuwa unakuja wakati wa mavuno, na mwalimu alikuwa amesema mbele ya wenzangu kwamba mimi, Nyamisi, nitafaulu. Kila asubuhi niliwaona wenzangu wakipita njiani na mifagio na madumu yao ya maji, nami nikapiga debe kwa nguvu zaidi ili nisisikie wakiniita.

Baba hakufurahia jambo hilo. Alikuwa mtu mpole, mrefu, aliyerudi kutoka vita vya Kagera na goti moja lisilokunjika vizuri, na tangu hapo alipanda mlima kama mtu anayepanda ngazi kwa mguu mmoja. Alikuwa na gobole la babu, zito kama mchi, ambalo likipigwa shambani nyani walikimbia hadi kwenye miamba na kurudi kabla moshi haujatawanyika. Alisema nyani hafukuzwi shambani. Anafuatwa anakolala, anaangushwa mkubwa wao mbele ya macho yao, na kundi zima linahama mlima. Ila huko juu hakuna njia, kuna mawe tu, na kwa goti lake hakuweza kupanda na gobole. Alitaka bunduki nyepesi. Akatengeneza kibali chake polisi, jambo lililochukua safari nyingi na uvumilivu mwingi, na jioni moja akaniambia, "Tukipata bunduki ya kupandia mlima, nyani wanaondoka, na wewe unarudi shule." Nililia kwa furaha, nikajifanya ni moshi wa jikoni.

Huko Kamunyonge, Musoma mjini, kulikuwa na mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye mgodi wa Buhemba. Mzungu wake alipoondoka alimwachia bunduki mbili, na sasa macho ya mzee yalikuwa yameingia ukungu, akataka kuzitoa. Tulikwenda kwa lori la pamba, mimi nimepakata kuku na unga wa ulezi, maana kwetu huendi kutafuta silaha kwa mtu mkubwa ukiwa mikono mitupu. Bei ilikuwa imeshakubaliwa: mtamba mmoja, bunduki yoyote atakayoichagua baba. Mama alibaki shambani na koti lake.

Mzee alizilaza zote mbili juu ya mkeka. Moja ilikuwa ndefu, kitako chake cha mti mweusi, mtutu mnene. Ya pili ilikuwa fupi na nyembamba, nzuri kama kitu cha kuchezea. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na miamba mirefu, ile ya Musoma iliyolundikana kana kwamba mtu alikuwa anajenga akaghairi, na baba akaomba ajaribu kupanda. Alipanda kwanza na ile nzito. Alipumzika katikati, akashika goti, akafika juu akihema mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Akashuka, akapanda na ile nyepesi, na huyo, kafika! Akasimama juu akicheka, na sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu aondoke kwenda vitani.

Mzee hakucheka. Alimngoja baba ashuke, akasema kwa upole, "Kijana wangu, chukua hii nzito. Utapumzika njiani, sawa, lakini itakaa begani. Hii nyepesi inapigaga teke. Mimi mwenyewe niliiachaga kwa sababu hiyo."

"Si ungeniruhusu nipige moja nione?"

"Hapa mjini? Polisi watajaa. Na risasi zenyewe ndizo hizi." Akafungua kiganja. Zilijaa kiganja kimoja tu, na zaidi ya hizo hakukuwa na risasi za kununua mkoa mzima. Kuitumia moja kwa kujaribia ilikuwa sawa na kumwaga sukari.

Baba akanivuta kando, chini ya upenu wa paa, akaninong'oneza, "Umesikia anavyoisifu ile nzito? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Nikatikisa kichwa kukubali, kwa sauti ya mtu mzima nikasema, "Hiyo nzito imemdodea, baba." Tulikuwa watu wa minada. Tangu utotoni tulifundishwa kwamba muuzaji akimsifia ng'ombe, mtazame kwato. Akikusukumia huyu, wewe mtake yule. Ni hekima nzuri, imetuokoa mara nyingi. Haikutufundisha la kufanya siku muuzaji anaposema kweli. Mzee alipoona baba ameishika ile nyepesi kwa mikono miwili, hakubishana tena, akamwombea heri, akatupa na limau za kula njiani.

Nyumbani mama aliinyanyua kwa mkono mmoja akasema, "Hii hata mimi napanda nayo." Mdogo wangu Wakuru, aliyekuwa darasa la pili, akaruhusiwa kuigusa kwa kidole. Baba akaipaka samli. Usiku ule tulikula ugali na dagaa kavu kana kwamba ni sikukuu, na mimi nikatoa sare yangu ya shule kutoka kwenye sanduku, nikaikung'uta.

Tulipanda asubuhi, baba na mimi, kwa kuwa ni mimi niliyejua wanakolala. Nilikuwa nimewatazama msimu mzima. Alipanda vizuri. Bunduki ilining'inia mgongoni kwake kama haipo, mikono yote miwili ikawa huru kushika mawe, na alinieleza njiani mambo ya porini ambayo hakuwahi kunieleza: wapi pimbi hujificha, jani gani hutafunwa kiu ikizidi. Nafikiri hiyo ndiyo safari iliyokuwa njema kuliko zote nilizosafiri na baba yangu, na ilikuwa fupi. Tulipofika juu dume lilikuwa limekaa kwenye ukingo wa jiwe, likiota jua, limetupa mgongo. Jiwe tulilosimama lilikuwa jembamba na lenye mteremko. Baba hakuweza kupiga goti, kwa hiyo alipiga amesimama.

Mlio ulikuwa mdogo kuliko nilivyotazamia. Dume lilianguka. Na baba pia alianguka, kwa nyuma, mguu mbovu ukashindwa kumshika, bunduki ikaruka upande wake. Nilisikia mfupa. Ulikuwa mtulinga wa kulia, umevunjika kwa teke la bunduki na kwa jiwe aliloliangukia. Hakupiga kelele. Alikaa pale akinitazama, uso wa kijivu, akasema, "Mzee aliniambia." Kule chini nyani walikuwa wakilia na kukimbia, wakiteremkia upande wa pili wa mlima. Walihama kweli, kama baba alivyosema watahama. Nilimfunga mkono kwa kanga yangu, nikabeba bunduki, na kuteremka kulituchukua mchana mzima. Nilishangaa ilivyokuwa nyepesi. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini siku ile niliubeba mimi mwenyewe na bado ulikuwa usufi.

Fundi wa mifupa alimfunga vijiti, akamkataza jembe. Palizi lilikuwa limefika. Pamba ilitaka kupaliliwa, muhogo ulitaka kupaliliwa, mtama hali kadhalika, na wa kushika jembe walikuwa mama na mimi. Nyani hawakuwepo; hakuna aliyepiga debe; nami sikurudi shule. Wenzangu walifanya mtihani nikiwa ninavuna. Nilikuwa na hasira na baba, hasira kubwa ya kitoto, na zaidi kwa sababu alikuwa akinitengea kipande cha samaki kilichonona. Mfupa uliunga vibaya. Bega likashuka, na tangu hapo mkono ule haukupanda juu ya kifua.

Mwaka uliofuata mwalimu mkuu alikubali nirudie darasa la saba. Na mwaka huohuo nyani walirudi, kundi jingine au lilelile, nani ajuaye. Baba hakuweza kupiga bunduki, wala kuwakimbiza kwa goti lile. Mama hakuweza kulima na kuamia kwa wakati mmoja. Wakatazama watoto waliobaki, na aliyebaki alikuwa Wakuru. Baba alisema ni msimu mmoja tu. Wakuru alipewa debe langu, nami nikavaa sare, na asubuhi ya kwanza nilipopita njiani alipiga kwa nguvu sana. Nilijua kwa nini anapiga hivyo. Sikumwita.

Kisha ikaja ruksa, kila mtu akaruhusiwa kuleta na kuuza bidhaa. Maduka ya Bunda yakajaa sabuni za kila rangi, mitumba ikashushwa kwa marobota, na siku moja baba alirudi kutoka Musoma akasema risasi sasa zinauzwa, mtu ananunua anavyotaka. Alisema hivyo kama anatoa habari za nchi nyingine. Bega lake halikuzihitaji tena. Bei ya pamba nayo ilipanda kidogo, ikaporomoka, ikakaa huko. Msimu mmoja wa Wakuru ukawa miwili, kisha hakuna aliyeuhesabu tena. Mimi nilifaulu, nikasoma, nikawa mwalimu.

Baba amefariki, na bunduki ilirudishwa polisi zamani. Mimi naishi Bweri, hapa Musoma, kwenye nyumba yenye bati jekundu na bustani ya mchicha, na nakaribia kustaafu nikiwa nimechoka kwa namna isiyotibiwa na usingizi. Kule kijijini wamechonga barabara hadi karibu na kilele kwa ajili ya mnara wa simu. Bodaboda zinapanda na kushuka. Leo hata ile bunduki nzito ingefika juu bila mtu kuhema, na kijana wa bodaboda angeuliza tu kama unalipa kwa simu. Nikiyaona hayo siyafurahii kama inavyonipasa. Naona tu mtu mwenye goti bovu akicheka juu ya mwamba, na naona tulivyokuwa wajanja.

Wakuru bado analima pale pale chini ya mlima. Herufi anazijua, lakini kusoma ukurasa hawezi. Nilipomaliza kuandika haya nilimpigia jioni nikamsomea yote, polepole, mpaka mahali alipopewa debe. Hapo nikasimama. Nilitaka aseme neno, hata la kunilaumu, ningelipokea. Nikasikia upepo kwenye simu, na watu wanaitana kwa mbali.

"Dada, utanimalizia kesho," akasema. "Nakata simu. Tembo wameshuka shambani."