Chungwa la Shangazi Mchana wa Ramadhani

Kijijini Kinole hakuna aliyesomea maabara kabla yangu. Ada ya stashahada niliitafuta mwenyewe kwa kubeba mizigo stendi ya Msamvu, na leo nina maabara yangu mjini, Mafiga. Nilipogundua shangazi ana kisukari, niliukusanya ukoo na kutangaza: sukari, asali na matunda ni marufuku nyumbani kwake. Walinisikiliza kama khatibu.

Ramadhani nilipanda mlimani kumtembelea. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni, adhuhuri ikafanana na magharibi. Ndani ubani ulifuka. Shangazi alikuwa mkekani, jasho likimtiririka, mikono ya baridi, akizungumza kwa upole na ukuta.

"Shikamoo, shangazi."

Aliuambia ukuta, "Mume wangu, huyu nani kaingia?"

Mumewe tulishamzika.

"Kapandwa na pepo," jirani yake aliyekuwa akifukiza ubani aliniambia. "Tangu asubuhi. Na kafunga, vidonge vya kisukari kavimeza daku."

Hapo nikajua si pepo. Kongosho lina seli zenye kimeng'enya kinachopima sukari ya damu. Sukari ikipungua, seli zinatulia, haziachii tena insulini, homoni inayoishusha. Vidonge vyake havisubiri kipimo hicho. Vinaamrisha insulini tu, hata mwili ukiwa hauna chakula. Ubongo wake ulikuwa unazimika mbele yangu, huku mdomo ukiendelea kuongea.

"Leteni sukari!"

"Sukari?" Jirani alinizuia. "Si wewe msomi uliyesema itamuua?"

"Nilisema nusu, mama. Nusu ya pili sikuisema: ikishuka mno, sukari ndiyo dawa."

Nyumba haikuwa na hata chembe. Nilimtuma jirani akatafute gari la kutushusha hospitali, nikachuma machungwa shambani kwake, nikamkamulia shangazi kidogo kidogo ndani ya shavu. Alimeza. Maneno yakapungua, vidole vikapata joto.

"Nani kanivunjia saumu?" akauliza ghafla.

"Mimi, shangazi."

"Msomi! Nitailipa siku hii, na wewe utafunga pamoja nami."

Sikucheka. Vidonge vile hukaa mwilini muda mrefu, sukari ingeweza kushuka tena. Kila aliponyamaza nilimuuliza mimi ni nani.

"Mtoto wa kaka yangu. Unavyopenda kutajwa!"

Mara ya nne aliugeukia ukuta. Alitabasamu, akajisogeza pembeni ya mkeka kama anayempisha mtu akae. Gari lilikuwa bado. Nikakata chungwa jingine.