Jogoo wa Msiba wa Katekista Venansi

Siku yangu ya kwanza kazini, Gombera, yaani padre mkuu wa seminari, alinipokea mlangoni, akautazama mzigo wangu wa vitabu, akasema, "Sista, hapa tunafundisha majibu. Maswali wanayo kwao." Nilicheka nikidhani ananitania. Kumbe alikuwa anamaanisha. Nilikuwa mtawa kijana, Mfipa, nimerudi masomoni na shahada ya teolojia ya maadili, na wale vijana wa upadre hawakuwahi kufundishwa na mwanamke.

Teolojia ya maadili ni elimu ya kupima matendo ya watu kwa mwanga wa imani. Wengi hudhani ni makatazo matupu, na wanafunzi wangu walidhani hivyo hivyo. Nilifundisha seminarini, nikahamishiwa chuo cha makatekista, mwisho nikaitwa Mpanda kuwa mshauri wa Baba Askofu. Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa kikwazo. Kikwazo ni tendo linalomwangusha mwenzako dhambini, hata kama kwako wewe linaonekana dogo. Niliwachosha watu kwa somo hilo, nalo likaja kunisubiri njiani.

Asubuhi moja Baba Askofu alinipigia simu. "Sista, huko Mpimbwe kuna marehemu hazikiki. Paroko kakaza, mjane kakaza. Nenda. Utakaloamua nitalisimamia."

Marehemu alikuwa Katekista Venansi, Mfipa mwenzangu, aliyefundisha katekisimu kigangoni, kwenye kanisa dogo la kijiji, mpaka mvi zikamjaa. Watani zake walikuwa Wasukuma, wafugaji waliohamia na ng'ombe wao. Ninyi vijana mnajua utani wa maneno tu. Msibani mtani ana kazi: anachimba kaburi, anamwigiza marehemu, analizuia jeneza mpaka apewe chochote, na hakuna wa kumkasirikia. Sasa paroko, padre kijana aliyekuwa mgeni pale, alikuwa ametangaza kwamba watani wakiingia, yeye hasomi misa. Watani wakaheshimu. Walikaa kando ya barabara na majembe yao, kimya, na hilo ndilo lililonitisha.

Nilianza kwa mjane, Mama Sesilia. Macho yake yalikuwa makavu.

"Sista, mume wangu kawazika wazazi wao hawa. Kawaigiza mpaka watu wakagaragara kwa kicheko. Leo yeye azikwe kama mpita njia? Simtoi ndani."

Nikamfuata paroko sakristia, kile chumba cha mavazi ya misa. Nilimfundisha mimi mwenyewe, na jibu alikuwa nalo tayari.

"Ni kikwazo, Sista. Watu wanacheka mbele ya maiti. Ulitufundisha wewe."

"Niliwafundisha." Nikavua miwani. "Haya, nani ameanguka?"

"Vipi?"

"Kikwazo kina mtu aliyeanguka. Nionyeshe huyo mtu. Ni Mama Sesilia? Ni wale wenye majembe?"

 Nilimwonea huruma, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa tu kulichezea jambo takatifu, na mimi nampenda padre mwenye hofu hiyo. Mwishowe akasema, "Waje wachimbe. Nitasoma misa. Hayo mengine yawe baada ya misa."

Mama Sesilia akakubali jeneza litoke, watani wakachimba. Misa ilipokwisha, mtani mmoja aitwaye Masanja akaingia na kengele ya baiskeli ya marehemu, akaipiga, akakunja uso vile vile kama Venansi. "Nyie wa nyuma! Mnakuja kwa Mungu mmechelewa, kwenye pilau mnawahi!" Mama Sesilia akacheka. Kicheko kikageuka kilio, kilio kikubwa, akina mama wakamshika. Hapo Masanja akajilaza mbele ya jeneza. "Hapiti mtu bila jogoo!" Watu wakamtazama paroko. Paroko akainamisha kichwa, akaenda mwenyewe kwenye banda lake la kuku, akarudi na jogoo anapigapiga mabawa juu ya kanzu. Sijawahi kuona kaburi likifunikwa kwa upendo kiasi kile.

Sasa nimestaafu, naishi na masista wazee hapa Majengo. Vitabu vyangu vimekwenda seminari, na yule paroko ndiye Gombera wao. Masanja naye amezeeka. Akija mjini huniletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, anakaa, ananitazama mno. Juzi nilimkamata akivua miwani isiyokuwepo na kuuliza kwa sauti nyembamba swali langu, ambalo paroko alimsimulia kila mtu, "Haya, nani ameanguka?" Masista walicheka mpaka wakakohoa. Nilimwambia sauti yangu si nyembamba hivyo.

"Tulia, Sista," akasema. "Bado najifunza."

Kufa sikuogopi sana, ila kuwaacha hawa kunaniuma. Kwa hiyo Gombera nimemwachia agizo moja tu. Siku yangu, Masanja akijilaza mbele ya jeneza, yeye asiharakishe kumpa jogoo.