Waya wa Kumngoja Mwenzake

Nakumbuka siku moja Ramesh alinipokonya mkasi mkononi. Mwanangu, nakusimulia haya kwa sababu jana ulimkatia simu mchumba wako, kisa amechelewa, na hasira hiyo naijua. Umeirithi kwangu.

Nilikuwa binti wa polisi wa Nsambya, nikijifunza ufundi hospitalini hapa Kampala. Ramesh, kijana wa Kihindi, ndiye aliyenifundisha, mpole mpaka anakera. Tulikuwa tunaunda mashine ya kutafuta uvimbe kichwani: fuwele mbili zinazong'aa kama kioo, moja kila upande wa kichwa cha mgonjwa. Dawa aliyodungwa ilitoa miale miwili kwa mpigo, mmoja huku, mmoja kule, na kila fuwele ikipigwa na mwale inatoa kimwanga. Habari za vimwanga viwili, kila moja kwa waya wake, zikifika pamoja, mashine inahesabu. Moja ikichelewa hata kidogo, inatupa zote, na uvimbe hauonekani. Ninyi wa siku hizi mnarekebisha muda huo kwa kompyuta. Sisi tulikuwa na waya na mkasi.

Upande wa kushoto ulikuwa unachelewa. Nikataka kuufupisha waya wake, na wenyewe ulikuwa umevutika mpaka mwisho, ningeukata usingefika. Ndipo akanipokonya mkasi.

"Huyu anachelewa, hapana kimbiza yeye," akasema. "Huyu wa haraka ongezea waya, angoje mwenzake."

Tukamwongezea. Mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule, na uvimbe wake ukaonekana wazi. Nikamkumbatia Ramesh mbele ya wauguzi, aibu ikanijia baadaye. Nilimpenda. Kwa umri huu sina wa kumficha.

Kisha serikali ya askari ikawaamuru Wahindi waondoke. Akaniomba twende pamoja, akasema tukutane stesheni asubuhi, tufunge ndoa tukifika Mombasa. Nikafika mapema na mkoba wangu. Yeye hayupo. Nikasimama, askari wakipekua watu na kuwavua saa, na moyo ukaanza kuchemka. Nikajiambia mama yake amemkataza, amebadili mawazo, na mimi si wa kuchezewa. Treni ikiwa bado imesimama pale pale, nikabeba mkoba wangu nikapanda kilima, nikarudi zangu nyumbani Nsambya.

Jioni jirani yetu, mke wa mfanyakazi wa reli, akaniambia Mhindi wangu alifika stesheni mbio nilipokwisha kuondoka, shati limechanika. Askari walikuwa wamemzuia kwenye kizuizi barabarani. Alisimama mlangoni mwa behewa akimuuliza kila mtu, "Amina yuko wapi?" mpaka treni ikaondoka naye.

Barua hazikuja, au zilikuja zikasomwa na wengine. Baba yako alikuwa mume mwema, Mungu amrehemu, na habari hii aliijua. Hata hivyo, treni ikipiga honi kule bondeni, mpaka leo nageuka kutazama.

Mwanangu, wewe ni mwepesi wa hasira kama mimi. Anayechelewa huenda ameshikwa njiani na hana namna ya kukuambia. Hasira ikikuambia ondoka, wewe kaa kidogo tena. Mpigie sasa hivi, chai nitamimina mwenyewe. Mungu akupe mtu wa kukungoja, na wewe akupe miguu ya kusimama mpaka afike.