Mikono ya Sikujua

Akitwanga pondu, majani ya muhogo, Mama Sikujua hupumzika kabla hajachoka. Majirani zake wa Lubunga humcheka. "Infirmière, muchi iko nzito kuliko sindano, ee?" Mikono yake ikianza tu kulegea, marehemu Jafari humjia.

Sikujua alikuwa muuguzi wa zahanati, mwepesi hata kitanda hakikulia alipokikalia. Masomoni, sista mmoja mzee alimfundisha njia ya zamani ya kumrudishia mtu pumzi: piga magoti kichwani pake, shika mikono yake, ikandamize kifuani, kisha ivute juu mpaka nyuma ya kichwa, kama anayejinyoosha akiamka. Baadaye, nchi ilipokuwa imeshaitwa Zaire, alikuja mwalimu kijana na njia mpya: piga magoti ubavuni, nyoosha viwiko, uzito wako wote ushuke kifuani pa mgonjwa.

"Iko bora, lakini inavunja mugongo," mwalimu alisema. "Na wewe, citoyenne, mwananchi mwepesi hivi, uombe mutu akupokee upesi."

Siku ya Jafari, Sikujua alikuwa akivuka mto kurudi nyumbani. Katikati ya maji mtumbwi ulipigwa na mkondo. Jafari, fundi cherehani, aliinuka kudaka kapu la mama yake, Mama Safi, akateleza, akazama. Zuberi, mpiga kafi, alijitosa, akamtafuta, akampata mbali. Walipomlaza mtumbwini, moyo ulikuwa kimya.

Sikujua alipiga magoti ubavuni pake, akakandamiza kwa uzito wote. Ukingo wa mtumbwi ukainama. Maji yakaingia, watoto waliokuwemo wakapiga kelele.

"Mama, utatuua wote!" Zuberi alinguruma.

Akahamia kichwani. Njia ya zamani, basi. Hakuna aliyeweza kumpokea, aliyesimama angewapindua. Mama Safi alishika miguu ya mwanawe.

"Usichoke, binti yangu. Usichoke."

Akachoka. Moto uliwaka mabegani, ukashuka viwikoni, kisha vidole vikawa si vyake. Hakuacha kuvuta, lakini mikono ya Jafari haikufika tena nyuma ya kichwa. Ilifika masikioni. Kisha mashavuni. Mama Safi aliyaona hayo yote, na Sikujua alimwona akiyaona.

Ng'amboni, Zuberi alimkandamiza Jafari kwa njia mpya, jasho likimtiririka hata kwenye kope. Jafari hakuamka.

Tangu hapo mikono ya Jafari ilimfuata Sikujua. Alipoanika nguo, alihisi kwenye viganja vifundo viwili vya mikono, baridi, vikimngoja avute.

Baada ya arobaini Mama Safi alikuja mchana, na mkeka kwapani. Akautandika uani, akalala chali.

"Univute vile ulimuvuta."

"Mama, hapana."

"Sina maneno ya kukuuliza. Nivute."

Sikujua alipiga magoti kichwani pake. Akakandamiza, akavuta. Mama Safi alifumba macho, kifua kikijaa na kushuka. Jua lilihama kutoka ukutani. Mabega yakawaka, mikono ya mama ikaishia masikioni, kisha mashavuni, na Sikujua akalia bila kuiachilia.

Mama Safi akaketi.

"Bon. Sasa ulale wewe."

Alimvuta kwa nguvu zote za mwanamke aliyebeba makapu ya sokoni tangu utoto. Mwanzoni mikono ya Sikujua iligusa udongo nyuma ya kichwa. Mama Safi alivuta, akavuta, akiita jina la mwanawe kila mara. Kisha jina likakatika katikati. Mikono ikafika masikioni.

"Bado," alijiambia. "Bado, Safi."

Ikafika mashavuni. Akajaribu tena, haikuinuka hata kidogo. Akabaki ameinama juu ya uso wa Sikujua, akihema, akivitazama vidole vyake.

"Hata mimi," akasema. "Hata mimi, mama yake."

Sikujua hakuinuka mkekani. Mikono ya Mama Safi ilikuwa bado imeshika yake, na hakuna kati yao aliyevuta.